Sura ya Sita: Chupa ya Pili

"Sista, maji yanaisha."

Aliyesema alikuwa binti wa miaka kumi na mitano hivi, amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa kando ya kitanda cha bibi yake. Ilikuwa saa tisa usiku, Mtawanya, masika ya 2024, mwaka ule mto Rufiji ulipofurika na kumeza mashamba ya bondeni Rufiji na Kibiti. Mvua ilipiga bati kwa nguvu hata akalazimika kurudia mara mbili ndipo nikamsikia. Nilimulika tochi. Kwenye chupa vilibaki vidole viwili vya maji. Chini yake, ndani ya kile kichemba cha plastiki, tone lilikuwa linajikusanya, linavimba, linaanguka. Jingine linajikusanya, linavimba, linaanguka. Nikahesabu kwa saa yangu ya mkononi: matone 42 kwa dakika. Kwa mwendo ule nilikuwa na zaidi ya nusu saa.

"Umefanya vizuri kuniita mapema, mwanangu," nikamwambia. "Usiguse kitu. Naja."

Sura hii ni ya nusu saa hiyo.

Vitabu tulivyosomea uuguzi vina kurasa nyingi juu ya kutafuta mshipa na kuingiza kanula. Kubadilisha chupa kunapewa mistari michache, kana kwamba ni kubadilisha balbu. Nimefanya kazi hii miaka mingi katika mkoa wa Pwani, na nimefikia mahali pa kuamini kwamba mistari ile imegawanywa vibaya. Chupa ya kwanza hutundikwa watu wote wakiwa macho: tabibu yupo, ndugu wamesimama mlangoni, mgonjwa ametoka kupimwa sasa hivi. Chupa ya pili hutundikwa na mtu mmoja, usiku, miguu imevimba, ana wagonjwa wengine kumi na wawili na mama mmoja anayelia kwa uchungu chumba cha pili. Wagonjwa wetu wengi tunaowapoteza kwenye dripu tunawapotezea hapo, kati ya chupa moja na inayofuata.

Na jambo hili ni la tangu mwanzo kabisa wa dripu. Mwezi Mei 1832, kipindupindu kilipokuwa kinaua watu Uingereza na Uskoti, daktari Thomas Latta wa mji wa Leith aliamua kujaribu kitu ambacho wenzake wengi wasingethubutu. Kijana mmoja, William Brooke O'Shaughnessy, alikuwa ameipima damu ya wagonjwa wa kipindupindu na kuona imepoteza maji na chumvi. Latta akasema: basi turudishe kilichopotea, na tukirudishe palepale mshipani. Alianza na mama mzee ambaye dawa zote zilishamshinda. Macho yalikuwa yamezama, taya limelegea, mwili wa baridi, mapigo hayashikiki. Akaingiza maji ya chumvi kidogo kidogo, akiwa na hofu. Mwanzoni hakuna kilichobadilika. Kisha pumzi ikaanza kutulia, uso ukarudi rangi, mapigo yakarudi mkononi. Katika nusu saa alikuwa amempa karibu lita tatu, na mama yule akazungumza kwa sauti yenye nguvu kwamba hana tena tabu, ila anataka kulala.

Latta akaona kazi imekwisha. Akamwacha mikononi mwa daktari wa zamu, akaenda zake. Kuharisha na kutapika kukarudi, maji yakatoka tena yote, na aliyebaki zamu hakuongeza mengine. Saa tano na nusu baadaye mama yule akafariki. Latta aliandika mwenyewe habari hizo katika barua iliyochapishwa katika jarida la Lancet mwezi uliofuata, na hakujificha: alikuwa na hakika kwamba kama tiba ile ingerudiwa, mama yule angepona. Ninaposimulia habari hii kwa wauguzi wapya huwa nawauliza nani alikosea, Latta au wa zamu. Wengi husema wa zamu. Mimi nasema aliyeondoka bila kueleza nini kifanyike maji yakiisha.

Huku kwetu kipindupindu tunakijua. Kiliripotiwa Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 1974, wagonjwa 10 tu. Mwaka 1977 kilirudi kwa kishindo, na wilaya ya Rufiji, ambayo wakati huo ilikuwa bado inajumuisha Kibiti yote, ilikuwa miongoni mwa zilizoguswa. Fikiria Rufiji ya mwaka huo. Daraja la Mkapa halikuwepo, lilifunguliwa 2003. Mto ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na masika barabara yenyewe ilikuwa tope. Ndani ya delta, kwenye mikoko na visiwa vyake, njia ilikuwa ni maji tu, na maji hayo yanajaa na kupwa kwa ratiba yake. Mgonjwa wa kipindupindu hasubiri maji yajae. Ndiyo maana katika maeneo kama haya kilichofaa ni kufungua vituo vya muda palepale vijijini, hata chini ya mwembe au katika darasa la shule, badala ya kuwasafirisha watu wafie njiani.

Kuna jambo moja la wakati huo ningependa kila mtu alijue. Dawa ya tetrasaikilini iligawiwa kwa wingi sana, kwa wagonjwa na kwa wazima kama kinga. Profesa Fred Mhalu na wenzake waliandika mwaka 1979 kwamba mwanzoni mwa mlipuko vimelea vyote walivyopima viliisikia dawa hiyo. Baada ya miezi mitano tu, asilimia 76 vilikuwa sugu. Dawa ikaharibika mikononi mwetu ndani ya nusu mwaka. Maji na chumvi hayakuharibika wala hayataharibika. Hata hivyo, kati ya 1977 na 1992, katika kila wagonjwa mia walioripotiwa nchini, kwa wastani zaidi ya kumi walifariki, na mwaka 1997 peke yake waliripotiwa wagonjwa 40,249 na vifo 2,231. Ugonjwa ambao tiba yake ni maji hauna haki ya kuua watu kiasi hicho.

Kwa nini basi unaua? Chukua kalamu upige hesabu nami. Mtu mzima wa kilo 50 aliyekaukiwa kabisa anahitaji mililita 100 kwa kila kilo, yaani lita 5, ndani ya saa tatu. Chupa zetu ni za nusu lita, kwa hiyo ni chupa kumi. Lakini haziendi kwa mwendo mmoja. Lita moja na nusu ya kwanza inatakiwa iingie katika nusu saa, maana yake chupa tatu, kila dakika kumi chupa moja. Zinazobaki saba zinaingia kwa saa mbili na nusu, karibu kila dakika ishirini. Hapo ni mgonjwa mmoja. Wakiwa watano, muuguzi hakai. Anatembea toka kitanda hadi kitanda anavua chupa tupu na kutundika zilizojaa, na akichelewa robo saa kwa mmoja, huyo anarudi alikokuwa yule mama wa Leith.

Turudi kwa bibi wa Mtawanya. Yeye hakuwa na kipindupindu; alikuwa ameharisha siku mbili, amelegea, na nyumbani walimchelewesha kwa sababu ya maji ya mvua njiani. Agizo kwenye faili lilisema Ringa mililita 500 kila saa nne, chupa mbili, kisha apimwe upya. Maneno hayo matatu ya mwisho niliyapigia mstari kwa kalamu. Nitayarudia.

Nilienda kabatini. Chupa za Ringa, za maji ya chumvi na za dekstrosi zinakaa rafu moja, zote za plastiki, zote nyeupe, zote ukubwa mmoja. Kinachozitofautisha ni maandishi madogo tu, na usiku wa tochi maandishi hayo yanafanana. Nikaisoma lebo mara mbili, mara ya kwanza nikiitoa rafuni na mara ya pili nikiwa kitandani. Nikaangalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Nikaiinua mbele ya mwanga, nikaigeuza taratibu: hakuna ukungu, hakuna vipande vinavyoelea. Nikaiminya kwa viganja viwili kuona kama inavuja mahali. Hii ya kuminya wengi huiruka. Mwaka 1970 na 1971 huko Marekani wagonjwa 378 katika hospitali 25 walipata maambukizi ya damu kutokana na dripu, na chanzo kilikuwa vifuniko vya chupa vilivyoingiwa na bakteria kabla hata havijafika hospitalini. Maji yalionekana safi kama kioo. Ikiwa vifuniko vya kiwandani vinaweza kusaliti, chupa yenye tundu la sindano ya mtu mwingine itafanya nini?

Nalisema hili la tundu la sindano kwa sababu ni desturi mbaya niliyoikuta sehemu nyingi. Chupa ngumu kidogo zikifika katikati huanza kujikunja na matone yakapungua kasi. Mtu anachukua sindano, anaichoma juu ya chupa ili hewa iingie, matone yanarudi. Kazi imekwenda, ndiyo. Lakini umefungua mlango wa kuingiza hewa ya wadi, yenye vumbi na kikohozi cha kila mtu, ndani ya maji yanayokwenda moja kwa moja kwenye damu. Mrija mzuri una kijitundu chake cha hewa chenye kichujio, kando ya ncha, fungua kile. Chupa laini haihitaji hata hicho, inajikunja yenyewe mpaka tone la mwisho. Sindano iachie kazi yake.

Nikafika kitandani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba unitajie jina lako lote."

"Umelisahau tena? Si uliniuliza jioni?"

"Sijalisahau, bibi. Nataka nilisikie kinywani mwako."

Akalitaja, lake na la baba yake na la babu yake, nikalilinganisha na faili. Huku Pwani majina yanajirudia. Wadi moja inaweza kuwa na akina Mwajuma watatu na Saidi wanne. Ukimwuliza mgonjwa mwenye homa, "Wewe ni Mwajuma?" atakuitikia, hata kama si yeye, kwa adabu tu. Mwache aseme mwenyewe.

Nilinawa kwa sabuni, maji ya kopo akinimiminia yule binti. Nikavaa glovu. Kisha nikafunga rola, kile kigurudumu kinachobana mrija, mpaka tone likasimama. Hii ndiyo hatua ambayo ukiisahau unajuta, kwa sababu ukichomoa chupa rola ikiwa wazi, kichemba kinaisha maji na mrija unanyonya hewa. Nikaishusha chupa ya zamani, nikaigeuza mdomo juu, nikaichomoa ile ncha kali ya mrija. Hapo pana sekunde tatu au nne ambazo ncha iko uchi hewani. Katika sekunde hizo haitakiwi kugusa kitu chochote: shuka, glovu, mkono wa mgonjwa, wala ukingo wa trei. Ikigusa, mrija wote unatupwa na unafungua mwingine. Najua inavyouma kutupa mrija katika kituo ambacho mirija imebaki saba na mzigo kutoka Bohari ya Dawa haujafika. Nimewahi kusimama na ncha iliyogusa shuka nikiwa najishauri. Tupa. Mrija una bei yake, lakini maambukizi ya damu kwa mzee aliyekaukiwa hayana bei.

Ncha ikaingia kwenye mdomo wa chupa mpya kwa kuizungusha kidogo, kwa unyoofu, isitoboe ubavu. Nikatundika. Nikaminya kichemba mara mbili mpaka maji yakafika nusu. Kikijaa kabisa huwezi kuona tone, na usipoona tone huwezi kuhesabu. Nikafungua rola polepole na kuhesabu upya dakika nzima, kwa maana chupa iliyojaa inasukuma zaidi kuliko ile iliyokaribia kwisha, na mwendo wa zamani haurudi wenyewe. Mrija wetu wa kawaida unatoa matone 20 kwa mililita. Mililita 500 mara 20 ni matone 10,000. Gawa kwa dakika 240, unapata 42 kasoro kidogo. Ile mirija midogo ya watoto inatoa matone 60 kwa mililita, na anayechanganya hesabu za mirija hii miwili anampa mtoto mara tatu ya alichoandikiwa, au theluthi yake. Imeandikwa kwenye pakiti. Soma kabla hujaitupa.

Nilibandika plasta kwenye chupa nikaandika jina, saa ya kuanza na saa inayotakiwa kuisha. Niliandika 03:20. Kwenye karatasi za wodini tuandike hivyo, kwa saa 24, kwa sababu sisi tunaosema saa tisa usiku tunafanya kazi na fomu zinazosema saa tatu, na nimeshaona chupa iliyoandikwa "saa 3" ikizua mabishano ya zamu mbili: tatu ipi? Tofauti ya saa sita si ndogo kwa mgonjwa.

Mwisho nikashika mkono wa bibi, palipo na kanula. Nikabonyeza kidogo juu ya plasta. "Panauma?" Hapana. Hapakuwa na uvimbe, wala mstari mwekundu unaopanda na mshipa, wala ubaridi. Pangevimba, chupa mpya ingekuwa inamwagika chini ya ngozi usiku kucha huku sisi tunahesabu matone kwa furaha.

Sasa, ingekuwaje binti yule angesinzia? Watu wengi wanaogopa hewa, na ndugu wa wagonjwa hutujia mbio wakiona povu la ukubwa wa punje ya mtama kwenye mrija. Povu dogo kama hilo kwenye mshipa wa mkono wa mtu mzima kwa kawaida halimdhuru, ingawa tunalitoa. Chupa ikiisha yenyewe, maji kwenye mrija hushuka mpaka yanapokosa nguvu ya kusukuma damu, yakasimama. Hatari ya kwanza inayokuja ni damu kuganda kwenye kanula. Na bibi aliyekaukiwa, ambaye mshipa wake niliutafuta kwa robo saa jioni, hana mshipa mwingine wa kunigawia. Hatari ya pili huletwa na sisi wenyewe. Nesi anakuja mbio, anatundika chupa mpya, anafungua rola, na chupa iliyojaa inaisukuma ile hewa yote iliyobaki mrijani kuelekea moyoni. Ukikuta mrija umeingia hewa, usifungue. Bana mrija karibu na mkono, itoe hewa kwanza, kwa bomba la sindano kupitia kipira cha mrija au kwa kuuchomoa mrija kwenye kanula na kuyaacha maji yaisukume nje. Na kanula ikiwa imeziba, usiisukume kwa nguvu. Donge unalolizibua linakwenda mahali.

Delta ina masomo yake. Niliwahi kumsindikiza mama aliyejifungua akatoka damu nyingi, kutoka kisiwa kimoja hadi Nyamisati kwa boti, na kutoka hapo kwa gari hadi Kibiti. Katika boti hakuna stendi. Mumewe aliishika chupa juu ya kichwa. Dakika ishirini za kwanza mkono ulikuwa umenyooka. Kisha ukaanza kushuka bila yeye kujua, mpaka bega, mpaka kifua, na mimi nikaona uzi mwekundu unapanda ndani ya mrija kutoka mkononi mwa mke wake. Damu ilikuwa inarudi nyuma. Nikapaza sauti, akainua, uzi ukashuka. Baada ya hapo tulichana ukanda wa kanga, tukaifunga chupa kwenye upondo uliosimamishwa katikati ya boti, na akaushika upondo badala ya chupa. Chupa ya pili niliibadilisha pale pale, rola imefungwa, ncha nimeikinga na upepo kwa mwili wangu. Kila nikipita Nyamisati nauangalia upondo kwa heshima.

Kuna chupa zenye dawa ndani, na hapo mkono uwe mzito zaidi. Potasiamu kamwe isichomwe ndani ya chupa iliyokwisha kutundikwa. Ni nzito, inazama, inakaa shingoni mwa chupa, na mgonjwa anaipokea yote kwa mkupuo, moyo unasimama. Shusha, funga rola, changanya, pindua chupa mara kadhaa, ndipo utundike. Na mtoto mchanga anayepewa seftriaksoni asipewe Ringa, kwa kuwa ile kalsiamu iliyomo inaweza kugandamana na dawa ndani ya mwili wake.

Nimesema nitayarudia maneno matatu, "kisha apimwe upya". Chupa ya pili inaweza kuokoa, na inaweza kuua pia. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uitwao FEAST, ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland akiwa Kilifi, uliofanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu Muheza, mkoa wa Tanga. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko wa damu uliodhoofu waligawanywa: wengine walipewa maji mengi ya haraka mshipani kama vitabu vilivyoagiza, wengine hawakupewa. Karibu kila daktari aliyeulizwa kabla angesema waliopewa ndio watakaopona. Baada ya saa 48, kati ya wasiopewa walifariki asilimia 7.3, kati ya waliopewa, zaidi ya asilimia 10. Watoto wa kuharisha hawakuwemo katika utafiti ule, na kipindupindu kinabaki na chupa zake kumi. Lakini homa si kuharisha, na mwili usiopoteza maji hauna pa kuyaweka.

Nilijifunza hilo kabla ya utafiti kutoka, katika hospitali moja nilipokuwa mgeni kazini. Babu mmoja mwenye moyo dhaifu alikuwa na dripu ya polepole. Mjukuu wake alitaka iishe haraka ili wawahi gari la jioni, akaifungua rola yote. Nilipopita kubadilisha chupa nikashangaa kuikuta tupu saa mbili kabla ya wakati. Kama ningetundika ya pili bila kuuliza, ningemmaliza. Alikuwa ameketi akihema, anakohoa povu. Tulifunga, tukamkalisha wima, akapewa oksijeni na dawa ya kukojoa, akapona. Sikumgombeza kijana. Hakuna aliyemwambia rola ni ya nini, na wa kumwambia nilikuwa mimi.

Kwa bibi wa Mtawanya, chupa ya pili ilikwisha saa moja na ushei asubuhi. Binti aliniita tena, vidole viwili. Nilimkuta bibi ulimi una mate, amekojoa mara mbili, mapafu yake nikiyasikiliza ni safi, na anaomba uji. Nikafunga rola, nikamchanganyia ORS kwenye jagi.

"Hutundiki nyingine, sista?" binti akauliza, na uso wake ulisema kwamba tunamnyima bibi yake kitu.

Nayaelewa mawazo hayo. Huku mtu akirudi kutoka hospitali huulizwa, "Wamekutundikia dripu?" na akisema hapana, wanasikitika pamoja naye. Nilimwonyesha pakiti nikamweleza kwamba chumvi na sukari iliyomo humo inafanya kazi ile ile, ila inapita mlango wa Mungu. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa chupa kabisa, akawanywesha wagonjwa wa kipindupindu maji ya chumvi na sukari kutoka kwenye mapipa. Vifo vilivyokuwa kama asilimia 30 vikashuka chini ya 4. Bibi alikunywa jagi lote kufikia saa nne, na jioni kanula tukaitoa.

Nawaomba wanaopanga zamu za usiku wazihesabu chupa kabla ya kuhesabu vitanda, kwa maana muuguzi mmoja mwenye dripu kumi na mbili hawezi kuziona zote zikiisha. Na wewe unayemwuguza ndugu yako, Mtawanya au popote, tunakutegemea kuliko unavyojua. Usifungue rola wala usiifunge. Usiishushe chupa chini ya kifua cha mgonjwa. Ukiona mkono umevimba, sema. Na usingoje chupa ikauke ndipo uje mbio mlangoni kwetu. Tuite maji yakiwa bado yapo.